Aliyemwonyesha Mwalimu

Pukawayko, Ayacucho
Jumapili, 14 Juni 2009

Kaka yangu Zósimo,

Nakuamkia kutoka huku juu, na naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti, si umesimama, kwa ajili ya lile goti lako. Linasemaje na unyevu wa Lima mwezi huu? Wifi Nélida bado anakukanda kwa gongo na majani ya koka, au amechoka na wewe akakuachia uchechemee? Na watoto hawajambo? Na karakana yako ya masofa, bado unagombana na yule jirani anayepiga muziki mchana kutwa? Nijibu yote hayo, usiniandikie mistari mitatu kama mtu anayetuma telegramu.

Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Viazi tumekwisha kuvuna, na vile vidogo tumevitandaza juu ya nyasi vigande, tuvikanyage tuvikaushe kama alivyokuwa akifanya Mama. Shemeji yako Teodosio anakusalimu sana. Juzi kondoo dume alimpiga kichwa akamtupa mtaroni mbele ya watu, na tangu siku hiyo wakimwona wanamwuliza mheshimiwa kondoo ameamkaje. Anasema ukija atakuonyesha kovu, ingawa liko mahali ambapo mtu mzima haonyeshi.

Sasa utajiuliza kwa nini nimekuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Nikianza habari za mahakama husema, “Herme, yameisha hayo. Ilikuwa vita, na vitani watu hufa.” Kisha unaniuliza bei ya shayiri. Karatasi haikatizwi, kaka. Nakuomba uisome mpaka chini, hata ukikasirika katikati.

Unajua kwamba miaka miwili iliyopita walikuja wale wataalamu wa mifupa wakachimba kule korongoni, wakampata mwalimu Eladio. Mama Saturnina alimtambua mwanawe kwa sweta, kwa kuwa kiwiko cha kushoto alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine, uzi ulipomwishia. Hakulia. Alimwambia yule kijana mwenye glavu, “Hapo nilikosea rangi, nikamwambia nitaifumua Jumapili.” Basi. Akaenda kukaa juu ya jiwe.

Kesi ya yule kapteni aliyeamuru mwalimu auawe ilianza mwezi wa tatu mjini Huamanga, kwenye mahakama ya kawaida, mbele ya majaji watatu wenye nyuso na majina, si wale wa zamani waliojificha nyuso. Mimi niliitwa kuwa shahidi. Mwendesha mashtaka ni binti mwembamba kutoka Huancayo aliyekuwa na mafua tangu kesi ilipoanza hadi ilipokwisha. Aliniambia niseme tu nilichokiona siku ile ya mwaka themanini na nne: wanajeshi walivyoingia kijijini, walivyowafungia wanawake shuleni na kuwapanga wanaume uwanjani, na walivyomtoa mwalimu kwenye mstari akiwa mzima na hana silaha. Nikasema. Nilisema kweli tupu, lakini sikuisema yote. Kumbuka maneno hayo, nitayarudia.

Kapteni sasa ni mzee, kaka. Nilikuwa nimejiandaa kuona simba, nikaona babu mwenye sweta ya kijivu anayetega sikio la kulia kila akiulizwa swali. Wakili wake ndiye aliyekuwa na sauti. Alisimama akasema kesi yenyewe imekosewa mlango, kwamba mambo ya vita hayapimwi kwa mizani ya wezi wa ng’ombe. Wale waliokuwa wakilipua madaraja na kuwachinja wenyeviti wa vijiji, alisema, hawakuwa wahalifu wa kukamatwa kwa pingu, walikuwa jeshi la adui, na jeshi hujibiwa na jeshi. Yule binti akapenga kamasi akajibu kwamba serikali yenyewe miaka yote hiyo iliwaita magaidi na wahalifu, ikawanyima jina la askari. Sasa basi, kama walikuwa wahalifu, mbona hawakupelekwa kwa jaji? Na kama walikuwa askari, tangu lini askari aliyekamatwa mikono mitupu akapigwa risasi?

Hapo kapteni akaomba kusema mwenyewe. Aliuliza kama angewakamata kwa filimbi. Alisema jaji wa karibu alikuwa amekimbilia pwani, kituo cha polisi kilikuwa kimechomwa, na wiki moja kabla ya kufika kwetu vijana wake kumi na mmoja walikuwa wamelipuliwa barabarani, wa mwisho kufa akiwa na miaka kumi na minane, akimshika yeye mkono na kumwita baba. Akalia, kaka. Nilimchukia vibaya kwa kulia kwake, kwa sababu machozi yalikuwa ya kweli.

Siku ya tatu walimleta kutoka gerezani yule mkubwa wa waasi tuliyemjua kwa jina la Komredi Ismaeli. Ndiyo, huyo huyo. Ana mvi zote, na kovu la kidevuni liko pale pale. Majaji walitaka kumwuliza kama mwalimu Eladio alikuwa mtu wake. Kwanza alikataa kuapa. Alisema yeye ni mateka wa vita, hii si mahakama yake, na anajibu kwa jeshi lake tu. Nikamwona kapteni anatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mzee anayesikia mwenzake amesema jambo la maana. Maadui wale wawili, ambao wangekutana korongoni wangelana nyama, walikuwa wamekubaliana neno moja, na neno lenyewe lilikuwa likiwafunika wote wawili kama blanketi.

Yule binti akamwuliza kuhusu Baba. Akamtajia jina, Fortunato Sulca, mwenyekiti wa kijiji cha Pukawayko, aliyepigishwa magoti uwanjani mbele ya mkewe na wanawe, akahukumiwa kwa dakika kumi, akauawa kwa jiwe. Ismaeli alifikiri kidogo, nadhani alikuwa akimtafuta Baba miongoni mwa wengi, kisha akasema, “Vitani watu hufa.”

Zósimo, nilisikia maneno yako kinywani mwake. Neno kwa neno. Wewe ulimlilia Baba mpaka macho yakavimba, na huyo ndiye aliyemwua, na mmejifunza wimbo mmoja. Sisemi haya kukutukana. Nasema kwa sababu siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini moyo wangu haukuwahi kulipenda neno lile. Baba hakuwa vitani. Baba alikuwa akifunga mfereji wa maji, wakamwita. Mimi nataka aliyemwua aitwe muuaji, ashtakiwe kwa jina lake la kuzaliwa, na asimame pale kama mwizi yeyote. Nikiliita tendo lile vita, nimempandisha cheo.

Basi mwishowe wakamwuliza Ismaeli kuhusu mwalimu. Akacheka. Akasema, “Yule mrefu wa miwani? Yule alitunyima wanafunzi. Tulikuja kuwachukua vijana, akawa amewatoroshea malishoni tangu alfajiri. Tulimweka kwenye orodha yetu. Hawa wakatuwahi tu.” Watu wa kijiji tuliokuwa nyuma tulitazamana. Miaka ishirini na mitano tumekuwa tukinong’ona kwamba lazima alikuwa na lake jambo, mtu hachukuliwi bure. Na wewe kwenye simu umenieleza mara ngapi kwamba ndiye aliyewaita waliomwua Baba? Hapana, kaka. Kama wewe hukuwa malishoni siku ile waliyomwua Baba, ni kwa sababu ulikuwa naye kwenye mfereji ule ule. Ndiyo maana walikupata wakakuchukua.

Ndipo Mama Saturnina akaomba kusimama. Ana miaka themanini na moja, na hajui Kihispania zaidi ya salamu, kwa hiyo alisema kwa lugha yetu na mkalimani akamfuata nyuma akikimbia. Aliwageukia wakili na yule mwenye mafua wote pamoja. Alisema, “Nyinyi wasomi mnagombea mwanangu kama mbwa wawili na ngozi. Mmoja anasema vita. Haya, nionyesheni bunduki ya Eladio. Mwingine anasema uhalifu. Haya, nipeni karatasi ya hukumu yake. Hamna bunduki, hamna karatasi. Basi mwanangu alikufa kwa jina gani? Mimi nitamwandikia nini kwenye msalaba?” Mkalimani alipofika mwisho, jaji wa katikati alimwambia anywe maji.

Wakili wa kapteni hakuwa mpumbavu. Aliona maji yanamfika shingoni, akatoa kauli aliyokuwa ameificha. Alisema kapteni hakumchukua mwalimu kwa kubahatisha. Alionyeshwa. Mtu wa kijiji hicho hicho, mtu wa kuaminika, alimnyooshea kidole kutoka ndani ya kanisa, kupitia ufa wa mlango, ili asionekane. Kwa hiyo kapteni alitenda kwa habari aliyopewa na raia, na kama kuna kosa, lianzie kwa aliyesema uongo. Majaji wakamwuliza kapteni ni nani huyo. Akatega sikio, akasema hakumbuki tena, vilikuwa vijiji vingi na nyuso nyingi.

Tulirudi nyumbani na habari hiyo kama watu waliobeba kaa la moto. Na unajua kijiji. Kabla chungu hakijachemka walikuwa wamekwisha pata jibu: nani aliyekuwa na ufunguo wa kanisa mwaka ule? Mzee Emeterio, mpiga kengele. Siku ya pili mtu alimpaka kinyesi cha ng’ombe kwenye mlango. Siku ya tatu mjukuu wake wa kike alirudi kutoka kisimani ndoo tupu na nywele zimevutwa. Kisha ukaja wakati wa viazi, na wewe unajua kwetu hakuna mtu anayevuna peke yake, leo kwangu kesho kwako. Hakuna aliyeenda kwa Mzee Emeterio. Hata mmoja. Nilimwona kwa macho yangu akiwa na mkewe katika shamba lote lile, wameinama, wanachimba mistari miwili wanapumzika, wanachimba mmoja wanapumzika. Ana miaka sabini na minane na masikio yake hayasikii vizuri, nadhani hakuelewa hata ameshtakiwa nini. Nilipopita alinisalimu kwa kofia.

Teodosio alitaka twende tukamsaidie. Watu wakamwambia, “Wewe na kondoo wako nendeni, lakini msirudi kwetu mkitafuta mikono.” Akarudi nyumbani amenuna, akaniuliza kama mimi nami naamini ni Emeterio. Nikamwambia sijui. Nilimdanganya mume wangu, nikaingia jikoni, nikawakatia simbilisi tunaowafuga humo majani mengi kuliko wanavyoweza kula kwa wiki nzima, ili mikono iwe na kazi.

Kaka, sasa nimefika.

Si Mzee Emeterio. Ni mimi.

Ngoja nikueleze kama ilivyokuwa, kwa sababu nimeieleza mara nyingi mwezi huu na sasa nimejua kuisema. Makomredi walipokuchukua wewe wakakubebesha sufuria zao, ulikaa nao siku ishirini. Ulirudi alfajiri, huna viatu, mguu umeoza kidole, na Mama akakuficha darini chini ya majani ya shayiri. Siku ya tatu ndipo wanajeshi walipokuja. Mimi na Mama tulifungiwa shuleni pamoja na wanawake wengine. Kapteni akauliza ni yupi binti wa mwenyekiti aliyeuawa. Nikasimama. Akanichukua kwa upole, akasema anataka kunipa pole ya serikali. Alinipeleka kanisani, akapiga goti mbele yangu ili macho yake yawe sawa na yangu. Akaniambia, “Wamemwua baba yako, mwanangu. Mimi niko upande wako.” Kisha akasema anajua kwa hakika kwamba kijana mmoja mrefu wa Pukawayko ameonekana akitembea na safu ya magaidi amebeba sufuria. Akasema nimwonyeshe. Na kama sitamwonyesha, atachoma nyumba moja baada ya moja, kuanzia ya juu, mpaka huyo kijana atoke mwenyewe.

Nyumba ya juu ilikuwa yetu. Na wewe ulikuwa ndani ya majani makavu.

Nilitazama kwenye ufa. Wanaume walikuwa kwenye mstari, na mrefu kuliko wote alikuwa mwalimu Eladio. Alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya sweta yake. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nakuapia jinsi nilivyofikiri: yeye amesoma. Watamuuliza maswali, atawajibu kwa Kihispania chake kizuri, wataona wamekosea, atarudi kesho. Wewe ungejibu nini, ulikuwa unatetemeka kwa homa na kusema maneno ya kuokota? Nikafikiri watu wakikamatwa wanaulizwa. Sikujua kwamba walikuwa wameshaliita vita, na vita haiulizi. Nikanyoosha kidole.

Kama wangemuuliza hata swali moja, Zósimo. Moja tu.

Mama alijua. Aliniona natolewa, aliniona narudi, na milio ya risasi iliposikika korongoni alinitazama usoni akajua yote. Usiku ule ule alikupakia kwenye lori la viazi. Mimi akaniambia, “Umemrudisha kaka yako. Usimwambie kamwe, atakufa kwa kujua.” Nikamtii mpaka alipozikwa, na baada ya kuzikwa nikaendelea kumtii kwa mazoea. Na kila mwaka wewe ukiniambia kwenye simu kwamba Eladio alikuwa na lake jambo, nilinyamaza. Nilikuacha umtukane mtu uliyepona kwa kufa kwake.

Basi mwezi wa tano, nilipoona Mzee Emeterio anachimba viazi peke yake, nilishuka Huamanga bila kumuaga Teodosio, nikamwambia yule binti nina neno la kuongeza. Mahakamani nilisimama nikasema yote haya, pamoja na jina lako, kwa sababu bila jina lako hadithi haina mguu. Kapteni alitega sikio, halafu akanitazama kwa muda mrefu, akasema taratibu, “Ndiyo. Alikuwa na misuko miwili ya nywele.” Wakili wake akaruka kama amekalia msumari: haya basi, uongo umekiriwa, mteja wangu alidanganywa! Jaji wa katikati akamwambia akae. Akaniambia mimi kwamba nilikuwa mtoto, nilitishwa kwa moto, na sheria haina shtaka dhidi yangu, naweza kwenda.

Utadhani nilifurahi. Nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyeenda kujisalimisha akakuta mlango wa gereza umefungwa kwa ndani. Ningekuwa askari, ningejiambia ni vita. Ningekuwa mhalifu, ningetumikia miaka yangu nikatoka. Mimi si chochote kati ya hivyo, ni mtu aliyenyoosha kidole.

Hukumu ilisomwa wiki mbili zilizopita. Walisema iwe vita au isiwe vita, mtu aliyeshikwa mikono mitupu hauawi, anapelekwa mbele ya anayeweza kumsikiliza, na aliyemwua amefanya mauaji. Walimpa kapteni miaka kumi na minane. Mawakili wake wamekata rufaa, na nadhani mauti yatamfika kabla ya majibu. Wengine kijijini walishangilia. Mimi sikuweza. Niliandika jina la Baba kwenye karatasi nikampa yule binti, nikamwuliza kama kesi ya Baba nayo inaweza kufunguliwa peke yake, kwa jina lake, dhidi ya Ismaeli. Alisema atajaribu.

Nilienda kwanza nyumbani kwa Mzee Emeterio. Nilipiga magoti uani, nikapaza sauti ili asikie, na majirani wakasikia pia, na ndivyo nilivyotaka. Aliniuliza kama nimekunywa. Mkewe ndiye aliyeelewa, akaingia ndani akafunga mlango. Hajanisemesha hadi leo, na ni haki yake.

Kisha nikaenda kwa Mama Saturnina. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuninyanyukia wala hakunifukuza. Aliniuliza ni mkono upi. Nikamwonyesha wa kulia. Akauchukua, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua kiazi, akanirudishia. Akasema, “Ni mdogo hata sasa.” Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza. Alisema, “Usiniombe. Ukiniomba sana nitasema ndiyo kwa uchovu, na itakuwa bure. Njoo kesho, unieleze siku ile tangu asubuhi. Hakuna aliyewahi kunieleza.”

Nimekwenda siku tisa. Kila siku naeleza, na yeye anaongeza maswali. Alikuwa amevaa kofia? Jua lilikuwa upande gani? Alipofuta miwani, alionekana ana hofu au alikuwa anaifuta tu? Nikimwambia alikuwa anaifuta tu, anatikisa kichwa, anapukuchua hindi jingine. Jana ndipo aliponiuliza habari zako. Aliuliza kama ulijua. Nikamwambia hujui, hujawahi kujua.

Halafu akanituma kwako, na ninayaandika maneno yake kama alivyoyasema, siongezi wala sipunguzi. Tunamzika mwalimu Jumamosi ya tarehe ishirini na saba. Jeneza wamelileta, jeupe, dogo kama la mtoto, maana mifupa haihitaji urefu. Amesema: “Wabebaji ni wanne. Mmoja ni Teodosio wako. Mmoja ni mtoto wa Emeterio. Mmoja ni mwanafunzi wake, yule Mauro mwenye kinu. Wa nne ni kaka yako. Mwandikie. Simwiti kumlaumu, alikuwa darini, hakuchagua. Lakini Eladio alimbebea kifo chake, yeye ambebee safari hii ya mita mia nne. Asipokuja sitaweka mtu mwingine. Watabeba watatu, na ile kona itainama, watu waone.”

Nimemaliza, kaka. Najua sasa hivi unataka kuichana karatasi hii, au unataka kunipigia unitukane. Nitukane, nitapokea. Ila usiniambie ilikuwa vita. Neno hilo liache huko Lima, usilipakie kwenye basi.

Basi la Ijumaa jioni kutoka Lima linafika Huamanga asubuhi, na lori la Mauro litakuwa likingoja nyuma ya soko mpaka saa nne. Nimekutandikia kitanda cha Mama. Lakini ukifika kijijini usipitie kwangu kwanza. Panda moja kwa moja mpaka kwa Mama Saturnina, nyumba yenye mlango wa bluu, uvue kofia, umwamkie. Mbwa anabweka sana lakini hang’ati.

Wifi Nélida mkumbatie kwa niaba yangu, na watoto wabusu mashavu yote mawili. Teodosio anasema ulete koti zito. Mungu alitunze goti lako, kwani kutoka kanisani hadi makaburini ni kupanda mlima tupu.

Mimi mdogo wako, niliyekuficha kwa miaka ishirini na mitano na leo nimekutoa,

Hermelinda Sulca